Kaka, kisa cha Mapacha umekianzia mwishoni

Kaka,

Ujumbe wako kwenye kundi la ukoo niliuona. "Tuwe kama Castor na Pollux", wale ndugu pacha wa hadithi za Wagiriki. Shangazi akaweka viganja vya dua, wadogo zetu wakaweka mioyo, mimi nikanyamaza. Nakujibu huku, ambako huwezi kunitoa kwenye kundi.

Nyota mbili zenye majina yao ulinionyesha wewe. Anzia nyota ya Rigel, pitia Betelgeuse, nyoosha hivyo hivyo hadi uwakute Mapacha upande wa kaskazini. Hakuna aliyewahi kunifundisha kitu kwa upole kama ule, na nakushukuru mpaka leo.

Ila umeshika pale patamu tu: Castor amekufa, na Pollux, mwana asiyeonja mauti wa mungu mkuu Zeus, anamwomba baba yake amgawie nduguye uhai, wakawa wanashinda pamoja siku moja kuzimu, siku moja Olympus kwa miungu. Castor aliuawa kwa sababu gani? Ng'ombe, kaka. Mgao wa ng'ombe! Waliteka kundi huko Arcadia, Ugiriki, pamoja na binamu zao wa Messenia, Idas na Lynceus, na Idas akaachiwa kugawa. Akamkata ng'ombe mmoja mafungu manne: atakayemaliza fungu lake kwanza achukue nusu ya kundi, wa pili achukue iliyobaki. Wenzake hawajakaa sawa, yeye keshamaliza lake na la nduguye, akaswaga kundi zima kwenda kwao. Mapacha wakalifuata, na mkuki wa Idas ukamuua Castor.

Sasa niambie, siku ya tatu ya msiba nani alikuwa Idas?

Tanga halijaanuliwa, akina mama wako mkekani, wewe unatoa futi mfukoni. Ukamwita mwanangu akushikie ncha pale chini ya dirisha la mama, ukaivuta hadi mlango wa uani. Mama mdogo akainua miguu kuipisha. Akainua miguu, kaka! Nawe ukasema "samahani kidogo", kama fundi aliyekuja kupima mapazia. Mwanangu bado ananiuliza mjomba alikuwa anapima nini.

Nakushauri kama mdogo wako: mgao hauendeshwi mbio. Ndiyo maana hati ya kiwanja ninayo mimi. Sikuificha. Mtu anayepima nyumba kabla ya arobaini, angepewa hati angeifanyia nini? Na cherehani mama mwenyewe aliniambia nichukue, mama mdogo alikuwepo. Msinifanye mwizi.

Halafu huo ukifungua mimba unaotutajia kila kikao. Mwanaastronomia Johann Bayer alipozipa nyota herufi za Kigiriki mwaka 1603, Castor alipata Alfa, ya kwanza, Pollux Beta, ya pili, na Pollux ndiyo inayong'aa zaidi. Wala hazikai pamoja: Pollux, nyota jitu yenye rangi ya chungwa, iko umbali wa miaka ya nuru 34 hivi, Castor kama 51. Sisi huku chini tunaziona zimegusana mabega. Na hiyo Castor peke yake ni nyota 6 zinazozungukana bila kuachana. Sisi wanne sebule moja imetushinda.

Shangazi amesema Jumamosi, baada ya alasiri. Umekonda, nimeona kwenye picha, nitakupikia makande. Risiti za mabati njoo nazo, hati nitakuja nayo, na mgawaji awe shangazi. Kama ni kupima, tutaita mpimaji.