Shukrani kwa dada wa simu ya tatu

Dada wa kampuni ya bima uliyepokea simu yangu ya tatu, jina sikukuuliza, asante sana. Wawili wa mwanzo waling'ang'ania kwamba gari letu la kulala safarini ni basi dogo, wakapandisha malipo ya bima karibu mara mbili. Eti kwa sababu lina viti sita! Wewe ndiye uliyeuliza, "Lina kitanda na jiko vilivyofungwa humo humo?" Ukaomba picha, ukalirudisha kwenye kundi lake la magari ya kulala safarini, kisha ukagundua kuwa punguzo langu la kutodai fidia, lile la mtu ambaye hajaomba bima imlipe, lilifutwa kimakosa. Hata friji ukanikumbusha iingizwe kwenye thamani ya gari. Hati mpya ya bima imefika jana, siku mbili kabla ya ile ya zamani kuisha. Mume wangu bado haamini.