Tusiwaaibishe wasichana wajawazito kliniki

Mhariri, mimi naishi Nyalenda hapa Kisumu na kuna jambo linaniuma sana. Msichana wa jirani, miaka 16, alienda kliniki mara moja tu nesi akamuuliza mbele ya watu kama hana aibu, basi akarudi analia na hakuenda tena mpaka mimba ikafika mwezi wa saba, tumbo amelifunga na leso. Kumbe damu imepungua, miguu imefura, presha iko juu, na presha hiyo ndio huleta kifafa cha mimba, kinaua mama na mtoto. Halafu huku ziwani kuna malaria. Manesi tafadhali wapokeeni hawa watoto vizuri, wapate vidonge vya damu na neti mapema, na sisi wazazi tuwapeleke wenyewe.

Mama wa Nyalenda, Kisumu