Claire de Duras Hakuwa Sahibu wa Mtu Tu

Kwa Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa vitabu wa juma lililopita, mwandishi wenu alimtaja Claire de Duras, mwandishi wa riwaya wa Ufaransa, kwa mistari miwili tu: kwamba alikuwa mke wa Duke, na kwamba alikuwa sahibu wa Chateaubriand, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa. Huku Lamu tunapomtaja Mwana Kupona binti Mshamu hatuanzi na mumewe Bwana Mataka, ijapokuwa alikuwa mtawala wa Siyu. Tunaanza na utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858. Naomba Mfaransa huyu naye atendewe vivyo hivyo.

Alizaliwa Brest, Ufaransa, mwaka 1777. Baba yake, Kersaint, afisa wa jeshi la majini, aliyaunga mkono Mapinduzi ya Ufaransa, na mapinduzi hayo hayo yakamkata kichwa kwa gilotini mwaka 1793. Binti na mama wakakimbilia Marekani, wakapitia Martinique, kisiwa cha Karibi alikotoka mama, kisha wakatua London, ambako Claire aliolewa mwaka 1797. Martinique isipitwe haraka. Utajiri wa upande wa mama ulitoka katika kisiwa cha miwa iliyolimwa na watumwa, na mtu aliyenufaika nao ndiye aliyeandika riwaya ya "Ourika".

Kisa hicho alikisimulia kwanza kwa wageni wake barazani Paris, wakamhimiza akiandike. Kikachapishwa mwaka 1823, nakala chache, bila jina lake, kisha kikauzwa madukani mwaka uliofuata. Msimulizi ni Ourika, msichana aliyechukuliwa Senegal akiwa na umri wa miaka miwili, akalelewa na bibi wa ukoo mkubwa, akafunzwa kuimba na kuchora kama watoto wa nyumba. Siku moja, akiwa nyuma ya kiwambo, anamsikia rafiki wa bibi huyo akiuliza ni nani atakayemwoa msichana mweusi. Tangu hapo anaondoa vioo vyote chumbani mwake na kuvaa glavu daima, asiione hata mikono yake. Anampenda Charles, mjukuu wa bibi, lakini Charles anaoa mwingine. Ourika anaingia utawani na kufa huko.

Wapo wanaokisoma kitabu hiki kama sifa za bibi mwema. Mimi nimekulia Langoni, mtaa wa hapa Lamu, na nimewasikia wazee wakizungumza juu ya wazalia, yaani watumwa waliozaliwa katika nyumba za waungwana, waliopendwa kweli, waliokula na watoto wa nyumba, na ambao posa ilipokuja ndipo kila mtu alipokumbuka nasaba. Kwa hiyo sihitaji kuelezwa kiwambo kile ni nini. Claire de Duras alikijua kutoka upande wa pili, upande wa waliokaa vitini wakizungumza, na bado akampa Ourika mwenyewe neno "mimi" kuanzia mwanzo wa masimulizi yake hadi mwisho.

Ourika halisi alikuwapo. Chevalier de Boufflers, gavana wa Senegal, alimpeleka Ufaransa katika miaka ya 1780 akiwa zawadi kwa jamaa zake, naye akafariki mwaka 1799 akiwa kigori wa miaka 16 hivi. Claire de Duras alifariki Nice mwaka 1828.

Kitabu ni kifupi, mtu hukimaliza baina ya alasiri na magharibi. Mkikirudia tena ukurasani mwenu, anzeni na pale kwenye kiwambo. Chateaubriand anaweza kungoja.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu