Kitasa cha gari kikikwama, tusikimbilie kununua kipya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi ya kununua kitasa kipya mara tu mlango wa gari unapokwama, ilhali mara nyingi kitasa chenyewe ni kizima na kinachokisumbua ni vumbi lililogandamana na grisi kuukuu.

Kabla ya kushika bisibisi, inafaa kujua ni kitu gani hasa kilichokwama. Mlango unaofunguka kwa ndani ukakataa kwa nje huwa na kasoro kwenye hendeli ya nje, au kwenye kijiti kinachoiunganisha na kitasa, ambacho huchomoka klipu yake ya plastiki inapovunjika. Mlango wa nyuma ukifunguka kwa nje tu, tazama kwanza loki ya watoto iliyo ukingoni mwake; sioni sababu ya kubandua mlango mzima kwa ajili ya kidude kidogo kama hicho. Ufunguo ukiwa mgumu kuzunguka, jaribu ule wa akiba, kwani meno yakilika hayasukumi ipasavyo vipande vilivyo ndani ya tundu, na kuulazimisha ni kuukatia humo humo.

Mlango usioshika, unaorudi kila ukiusukuma, ndio mwepesi zaidi kuutengeneza. Aghalabu ulimi wa komeo, yaani kile kipande cha kitasa ukingoni mwa mlango kinachoushikilia ukifungwa, umeganda katika hali ya kufungwa huku mlango wenyewe uko wazi. Vuta hendeli, urudishe ulimi kwa bisibisi, pulizia dawa ya kulegeza kutu, pangusa uchafu wote, kisha paka grisi nyepesi. Usiubamize mlango bado: sukuma ulimi kwa bisibisi mpaka ufunge, halafu vuta hendeli uone kama unaachia, maana komeo likigoma mlango ukiwa umefungwa, hata kuufungua ubao wa ndani huwa taabu. Tundu la ufunguo, kwa upande wake, lisipakwe grisi, kwa kuwa hunasa vumbi. Unga mkavu wa grafaiti ndio unaolifaa.

Springi iliyokatika au mota ya kufunga milango iliyoungua haiponi kwa grisi, na hapo ununuzi ni halali. Ikibidi kufungua ubao, chomoa betri kwanza na usubiri kidogo, hasa gari likiwa na mifuko ya hewa ya kukinga abiria ajalini (airbag) milangoni, na hadi komeo lishike sawasawa, gari hilo lisiendeshwe.

Msomaji wako