Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Mashabiki wa Chelsea, Sinza, Agosti 2025

Ndugu Makamu Mwenyekiti, ndugu Katibu, ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa Kamati Tendaji, wazee wetu na ninyi wanachama mliofika, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, Darajani hoyee!

Tuwakumbuke kwanza wenzetu wawili waliotangulia mbele za haki mwaka huu. Chama kilifika misibani na rambirambi ilitolewa. Shughuli nyingine mnazijua: bonanza la Mei Mosi lilifanyika, kituo cha watoto tulikitembelea, na mechi kubwa zote zilionyeshwa hata pale umeme ulipokatika, kwa jenereta niliyoiazima mimi mwenyewe. Mataji ni mawili. Mei 28 kule Wrocław tuliwafunga Real Betis 4-1 tukachukua Conference League, na Julai 13 tukawapiga PSG 3-0 fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, Palmer mawili, João Pedro moja. Siku hizo mbili ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama barabarani.

Hesabu kwa ujumla wake: mapato ya mwaka ni Sh 2,310,000, yaani ada, michango na jezi zilizouzwa. Matumizi ni Sh 2,275,000. Kati ya hizo, Sh 1,200,000 ni jezi, na Sh 1,075,000 ni king'amuzi, viti, mafuta ya jenereta, bonanza na rambirambi. Salio ni Sh 35,000. Mweka Hazina atasoma mchanganuo.

Nije sasa kwenye jezi, maana najua wengine mmefika leo kwa ajili hiyo tu.

Imesemwa kwenye grupu la WhatsApp kwamba Mwenyekiti alichukua fedha ya chama akachapisha jezi 60 zenye jina la Estêvão, winga wetu mpya kutoka Brazil, mtoto ambaye hajacheza hata mechi moja ya Ligi Kuu ya Uingereza. Imesemwa pia kwamba fedha hiyo ilikuwa ya kununulia projekta. Mengine yaliyosemwa siwezi kuyarudia mbele ya wazee.

Alfajiri ya Jumamosi Julai 5, saa 10, tulicheza robo fainali ya Kombe la Dunia la Klabu na Palmeiras ya Brazil, timu aliyokuwa bado anaichezea Estêvão, kule Philadelphia. Ukumbini tulikuwa 11. Wanachama 84 kwenye daftari, waliofika 11, na wawili kati yao walikuwa madereva bodaboda waliokuwa wanasubiri abiria. Palmer akatutanguliza. Kipindi cha pili, dakika ya 53, Estêvão akaupata mpira upande wa kulia akiwa karibu kabisa na mstari wa goli, mahali ambapo winga mwingine angetafuta kona. Yeye akapiga. Kipa wetu Sánchez alikuwa ameziba nguzo yake, na mpira ukapita juu yake ukaingia. Ukumbini pakawa kimya, kwa sababu hakuna aliyejua kama anatakiwa kushangilia. Mkataba wake na sisi ulikuwa umeshafungwa tangu Juni 2024, na wote tulijua mashindano yakiisha anakuja kwetu Darajani, yaani Stamford Bridge. Ndipo mzee wetu mmoja akasema, "Huyu si wetu? Basi hatujafungwa." Tukashinda 2-1, tukatoka nje wakati adhana inalia, na kila mtu alikuwa anamzungumzia yeye kuliko ushindi.

Mimi niliamua palepale. Jumatatu nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Bei ya jumla ilikuwa Sh 20,000 kwa jezi, pamoja na jina na namba, na muuzaji aliniambia wazi kwamba ligi ikikaribia itapanda. Ibara ya 9 ya katiba yetu inampa Mwenyekiti mamlaka ya kufanya matumizi ya dharura na kutoa taarifa baadaye. Taarifa ndiyo hii. Ningeitisha mkutano ningempata nani? Mkutano wa Aprili uliahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi, na wanaolalamika leo hawakutokea mara zote mbili.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyenipongeza. Wakati ule namba yake Chelsea ilikuwa haijajulikana. Wengi mlisema atapewa 7 au 11. Mimi nilichapisha 41, namba aliyoivaa Palmeiras, kwa sababu niliamini kijana wa namna ile hawezi kuiacha. Amepewa 41. Na jina limeandikwa sawasawa. Fundi hakuwa na kile kikofia cha juu ya E wala kiwimbi cha juu ya A, kwa hiyo nilikaa naye hadi jioni akivikata kwa wembe kutoka kwenye mabaki ya plastiki nyeupe, kimoja kimoja, jezi zote 60.

Hoja ya kwamba Wabrazili huja na majina makubwa kisha wakapotea naiheshimu. Wanachama wa siku nyingi walimsubiri Lucas Piazon, akazungushwa kwa mkopo klabu hadi klabu mpaka akaondoka. Pato alikuja 2016 akacheza mechi mbili. Ângelo tulimnunua kutoka Santos 2023, na mwaka uliofuata akauzwa Saudi Arabia bila kutuchezea mechi ya mashindano. Na wale wa Jangwani waliomo humu wanakumbuka 2014, Yanga ilipomleta Andrey Coutinho enzi za kocha Marcio Maximo, na Maximo mwenyewe hakumaliza msimu. Hayo yote nayajua.

Lakini hao hawakuja kama anavyokuja huyu. Ligi Kuu ya Brazil ya 2024 alifunga mabao 13 na kutoa pasi za mabao 9 akiwa na miaka 17, kwenye ligi ya watu wazima wanaokanyaga kweli. Mwaka huohuo, Septemba, akaichezea timu ya taifa ya wakubwa. Wanaouliza kwa nini alichelewa mwaka mzima wajue kwamba kwa kawaida FIFA hairuhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla hajatimiza miaka 18, na yeye ametimiza Aprili 24 mwaka huu. Endrick naye, kutoka Palmeiras hiyohiyo, aliisubiri siku yake kabla ya kwenda Real Madrid. Mwaka huo haukupotea. Amekuja akiwa amezoea kuchezea timu inayodaiwa ushindi kila wiki.

Na nafasi ipo. Madueke ameuzwa Arsenal, na upande wa kulia amebaki Pedro Neto. Neto ni mchapakazi, anarudi kukaba, simsemi vibaya. Lakini ndugu zangu, tangu Hazard aondoke 2019 ni lini winga wetu amepokea mpira na ukumbi mzima ukanyanyuka kabla hajafanya chochote? Mimi ninachokitamani ni hicho. Mguu wa kushoto, anatokea kulia, beki anajua kabisa kwamba ataingia ndani, na bado anapitwa. Ijumaa iliyopita ameshafunga pale Stamford Bridge dhidi ya Bayer Leverkusen. Ilikuwa mechi ya kirafiki, sawa, lakini wapo walionipigia simu usiku ule kuuliza kama jezi zimebaki.

Zimebaki. Zilizouzwa ni 31 kwa Sh 25,000, chama kikipata faida ya Sh 5,000 kwa kila moja. Zilizokopwa ni 12. Zilizokuwa nyumbani kwangu ni 17, hasa saizi kubwa. Majina ya waliokopa sitayasoma, ila baadhi yao ndio waliopaza sauti kwenye grupu.

Kuhusu projekta: waliolipa ada ya mwaka, Sh 36,000, ni 29. Ambao hawajalipa ni 55. Deni hilo ni Sh 1,980,000, na projekta tungeinunua bila kugusa jezi hata moja. Elfu tatu kwa mwezi inamshinda mtu anayeweka mkeka kila Jumamosi?

Ombi langu ni kwa ajili ya kijana. Ana miaka 18, yuko mbali na kwao, anakwenda kukutana na baridi na mabeki wanaoingia kwa mwili mzima. Atakuwa na siku mbaya. Ukumbi huu umewahi kumtukana mchezaji wetu hadi majirani wakaja kulalamika. Msimu huu sitaki kulisikia hilo kwa Estêvão, na Kamati itamtoa nje atakayefanya hivyo.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kupata ukumbi wa kudumu, projekta, na ikiwezekana ziara ya matawi ya mikoani. Mipango itakamilishwa kadiri hali ya fedha itakavyoruhusu. Jezi 17 nimekuja nazo, zipo kwenye boksi mlangoni kwa Katibu, na waliokopa wamwone kabla ya kuondoka. Namkaribisha Mweka Hazina.