Akisema basi, iwe basi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo ambalo wanawake hulisema wao kwa wao, mlango ukishafungwa. Ni maumivu ya kuwekewa kitanzi cha kuzuia mimba, kuchukuliwa kinyama (kipande kidogo cha kupima) cha mlango wa kizazi, kupigwa picha ya mirija ya uzazi, kusafishwa kizazi baada ya mimba kuharibika, au kuchunguliwa ndani ya kizazi kwa kamera ndogo. Mara nyingi mambo haya hufanywa mwanamke akiwa macho, baada ya kuambiwa atahisi kubanwa kidogo tu. Kuna anayeambiwa hivyo na kweli ikawa hivyo. Kuna mwingine anatoka pale ameshikiliwa mabegani.

Wote wawili wanasema kweli. Kinachoniuma ni kwamba ushuhuda wa wa kwanza hutumiwa kumnyamazisha wa pili: "Mwenzako katoka hapa sasa hivi, hata hakulia." Au lile jingine, "Kwani hujazaa wewe? Hiki nacho ni kitu?" Mimi nimekuwa wote wawili. Kitanzi niliwekewa huku napiga gumzo na muuguzi, nikashtukia ananiambia tayari. Miaka baadaye nilikwenda kuchukuliwa kinyama ndani ya kizazi, na mwili uleule ukakataa. Koleo lilipokamata mlango wa kizazi, jasho la baridi likanitoka na masikio yakaanza kuvuma. Niliomba wasimame kidogo. Daktari alinijibu "tunamalizia, mama" bila kuinua kichwa, akaendelea kupanga na msaidizi wake nani atashika zamu ya usiku. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ipo sindano ya ganzi.

Tofauti hizi zina sababu zake mwilini. Mishipa ya fahamu inayohudumia mlango wa kizazi haitoki sehemu moja ya uti wa mgongo na ile inayohudumia sehemu ya juu ya kizazi. Kwa hiyo mtu anaweza asisikie kitu kifaa kikipita mlangoni, kisha akashikwa na msokoto mkali kikigusa juu. Kwa sababu hiyohiyo ganzi inayochomwa pembeni mwa mlango wa kizazi hupunguza maumivu bila kuyamaliza yote. Mlango huo ukivutwa au kupanuliwa ghafla, mapigo ya moyo na presha vinaweza kushuka, mtu akatokwa na jasho, akasikia kichefuchefu, hata akazimia. Wanaomwita mwoga hawajui wanachokiona. Halafu kuna ambaye hajawahi kujifungua kwa njia ya kawaida, aliyekoma hedhi na uke ukakauka, mwenye endometriosi (utando kama wa ndani ya kizazi unaoota nje yake), aliyekeketwa, aliyewahi kubakwa. Kitanda ni kilekile lakini hawalali juu yake wakiwa sawa.

Uingereza walikusanya majibu ya wanawake zaidi ya 5,000 waliochunguliwa kizazi kwa kamera bila kulazwa usingizi. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, takriban 18 kati ya kila 100 walisema maumivu yao yalipita 7. Karibu 8 kati ya kila 100 walisema hawakusikia maumivu hata kidogo. Uchunguzi ni uleule. Mbele ya majibu kama hayo, sioni mtaalamu anapata wapi ujasiri wa kumtangulizia mwanamke jibu la atakachohisi. Tena tafiti za uwekaji wa vitanzi zimeonyesha kwamba anayeweka huyakadiria maumivu kuwa madogo kuliko anavyosema mwenyewe aliyelala kitandani.

Mazoea haya yana mizizi mirefu. Kati ya 1845 na 1849, huko Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims aliwapasua wanawake watumwa waliokuwa na fistula, tundu linalovujisha mkojo au kinyesi ukeni, akarudia tena na tena, bila dawa ya usingizi. Majina ya watatu yamehifadhiwa: Anarcha, Betsey na Lucy. Etha, dawa ya usingizi, ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, kazi ya Sims ikiwa bado inaendelea, naye aliendelea bila hiyo. Mpaka leo kuna kifaa cha kufungulia uke chenye jina lake. Sisemi kwamba muuguzi wa leo ni Sims. Ila kuyachukulia maumivu ya mwanamke kuwa sehemu ya kawaida ya kazi hakukuanza jana.

Kuna yaliyobadilika, na nashukuru. Mwaka 2023 Chuo cha Kifalme cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Uingereza kilitoa mwongozo kuhusu kuchunguliwa kizazi kwa kamera: mwanamke aelezwe mapema njia za kupunguza maumivu, achague, na ajue anaweza kusimamisha wakati wowote. Agosti 2024 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kiliwataka wahudumu wazungumze na kila mwanamke kuhusu maumivu kabla ya kumwekea kitanzi, kikataja ganzi ya lidokaini, ya sindano au ya kupaka, kuwa inaweza kusaidia. Vidonge vya ibuprofeni vinaweza kupunguza msokoto wa baadaye, lakini kwa ile dakika yenyewe ya kuweka kitanzi tafiti hazijaonyesha msaada wa maana. Nataja hili kwa sababu wengi hupewa kidonge hicho peke yake wakaambiwa wametibiwa maumivu.

Najua jibu litakalokuja: foleni ni ndefu, wahudumu ni wachache, dawa hazitoshi. Ni kweli, na nawaheshimu wanaofanya kazi hiyo kutwa nzima wakiwa wamesimama. Lakini baada ya yale yaliyonipata nilihudumiwa na mkunga ambaye hakuwa na chochote cha ziada. Alinionyesha kifaa cha kufungulia uke kabla hajakitumia, akaniuliza kama nataka kukiingiza mwenyewe mwanzoni. Akasema, "Ukiinua mkono naacha." Nikauinua, nusu kwa maumivu na nusu kwa kutaka kujua kama ni kweli. Akaacha. Akakaa mikono mapajani mpaka nilipomwambia aendelee, wala hakuguna. Maumivu yalikuwepo siku ile pia, nisiseme uongo, ila sikuwa na hofu nayo. Muda aliotumia zaidi haukuzidi ule ambao ungepotea kumbembeleza mgonjwa aliyejikaza na kubana miguu.

Wengine huogopa kwamba tukiyasema haya wazi, wanawake watakimbia vipimo. Mimi naona kinachowakimbiza ni kuambiwa si kitu, kisha wakakuta ni kitu, na wakikilalamikia wanachekwa. Shirika la Afya Duniani linataka ifikapo 2030 wanawake 70 kati ya kila 100 wawe wamepimwa saratani ya mlango wa kizazi kwa kipimo cha uhakika kabla ya kutimiza miaka 35, na tena kabla ya 45. Hiyo mara ya pili inategemea sana mtu alivyotendewa mara ya kwanza. Shirika hilohilo limeruhusu mwanamke ajichukulie sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba kwa ajili ya kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, njia ambayo kwa anayeogopa kufunguliwa ni nafuu kubwa. Wangapi wameambiwa kwamba ipo?

Na kwa akina mama na dada ambao hamkusikia kitu: semeni, maana wapo wanaohitaji kusikia kwamba inaweza kwenda salama. Ila msije mkasema kwamba aliyelia amezidisha.

Mhariri, ombi langu ni hili. Waandishi wako wanapowahoji wakuu wa hospitali kuhusu huduma za wanawake, wawaulize ni ganzi gani ipo katika chumba cha kuwekea vitanzi na kuchukulia kinyama, na kama mgonjwa huambiwa habari zake kabla hajapanda kitandani. Wawaulize pia kama kuna sehemu katika faili yake ambapo maumivu aliyosema yeye mwenyewe yanaandikwa, na nani huyasoma.

Msomaji wako