Barua ya wazi kwa walimu vijana wa shule za msingi Moshi: watoto hawajamaliza

Walimu wanangu,

Ninawaandikia nikiwa na uchungu, na sitauficha. Jumatatu ya wiki iliyopita mjukuu wangu wa darasa la nne alirudi nyumbani, akaweka mkoba wake juu ya kiti, nami nikamuuliza swali ninalomuuliza kila siku: leo mmesoma nini? Akanijibu, "Tulikaa tu, bibi." Jumanne jibu likawa hilo hilo. Jumatano nikafungua daftari lake la Hisabati, nikakuta zoezi la mwisho limesahihishwa katikati ya Oktoba na kurasa zote zilizofuata ni nyeupe, isipokuwa moja aliyochora basi refu lenye mikungu ya ndizi juu ya paa. Alhamisi nilijifunga kitenge changu nikaenda shuleni.

Shule hiyo sitaitaja, kwa kuwa sikusudii kumuumbua mtu. Nilikuta darasa la watoto wapatao 60 halina mwalimu. Kiranja alisimama mbele akiandika ubaoni majina ya wapiga kelele. Nyuma, watoto wanne walikaa sakafuni wakicheza mdako kwa kokoto, na mmoja alikuwa amelala, shavu lake limelalia karatasi yenye namba ya mtahiniwa iliyobandikwa kwenye dawati siku ya upimaji na ambayo hadi leo hakuna aliyeibandua. Nje, darasa la tatu walikuwa wakifyeka nyasi ambazo, kwa jinsi zilivyokuwa fupi, bila shaka zilifyekwa jana yake. Nilipoingia ofisini walimu waliokuwa wakijaza ripoti waliniamkia vizuri, wakanipa kiti, nami nikauliza kwa upole watoto wale wanasoma nini wiki hii. Kijana mmoja mwenye adabu zake akaniambia, "Bibi, hao wameshamaliza."

Neno hilo limeninyima usingizi. Wamemaliza nini?

Tuhesabu pamoja, kama nilivyozoea kuhesabu ubaoni kwa miaka 34. Darasa la saba hufanya mtihani wao Septemba na kuondoka. Darasa la nne hufanya Upimaji wa Kitaifa mwishoni mwa Oktoba. Madarasa mengine hufanya mtihani wa kumaliza mwaka Novemba, na shule hufungwa Desemba ili watu waende kwao kwa Krismasi. Mtoto wa darasa la nne, basi, hubakiwa na wiki tano hivi za kuja shuleni, na wiki tano ni siku 25. Zidisheni kwa watoto 60 wa darasa moja, mtapata siku 1,500 za watoto ambao wazazi wao wamewaamsha alfajiri, wakawapa uji na kuwavusha barabara, ili wakakae tu. Ingekuwa ni fedha za shule zimepotea kiasi hicho, kamati ingeitishwa siku hiyo hiyo.

Najua mtaniambia kwamba ninyi mna kazi nyingi, nami sikatai. Nimejaza ripoti kwa mwanga wa kibatari, jina kwa jina, wastani kwa wastani, na ninajua kwamba tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto wamefurika madarasani, jambo ambalo ni jema na nililiombea, lakini madawati, vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu mwenye watoto 90 hawezi kulaumiwa kama mwenye 40. Hata hivyo ripoti hazijazwi na walimu wote kwa siku zote 25. Mmoja akiingia darasani kipindi cha kwanza na mwenzake kipindi cha tatu, kazi ya ofisini itakwenda na watoto watasoma.

Tena nawaambieni jambo ambalo sikulisoma popote, nililiona kwa macho yangu: wiki hizi za baada ya mtihani ndizo bora kuliko zote za mwaka, kwa sababu hofu imeondoka. Hakuna tena alama, hakuna wa kwanza wala wa mwisho, na mwalimu mwenyewe hakimbizwi na azimio la kazi, yaani mpango wake wa masomo ya mwaka. Mtoto aliyefunga kinywa tangu Januari hukifungua wakati huu.

Nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika shule moja ya milimani, kwenye migomba na kahawa, ambako baba wengi walikuwa wakifanya biashara mikoa ya mbali na kurudi mara moja tu kwa mwaka, Krismasi ikikaribia. Nilikuwa na kijana mmoja ambaye mwaka mzima alikuwa wa mwisho. Alikwama kwenye silabi mwambatano. Mbuzi aliandika "buzi", ndizi akaandika "dizi", na kila nilipomsahihisha kwa wino mwekundu alizidi kuinama, hadi ikafika siku akaacha kuandika kabisa. Mtihani ulipokwisha niliwaambia watoto kwamba sasa kila mmoja ataandika barua ya kweli, itakayofungwa kwenye bahasha na kupelekwa kwa mtu wa kweli: bibi, babu, baba aliye mbali, au shangazi anayetarajiwa kuja. Nikawaambia sitatoa alama. Kijana yule alikaa siku mbili bila kugusa penseli, na siku ya tatu akaja mezani kwangu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mbuzi anaanza na nini?"

Nilimwambia afunge midomo kwanza kabla ya kutamka, aisikie ile "m" puani. Akafunga midomo, akasema mbu, akarudi kwenye dawati lake. Alikuja tena. Alikuja mara nne siku hiyo. Alifuta kwa ufutio mpaka karatasi ikatoboka, nikampa nyingine. Ilimchukua wiki mbili nzima kuandika sentensi mbili, na ninazikumbuka kama nilizoandikiwa mimi: "Baba mbuzi amezaa wawili. Mmoja nimekuwekea wewe." Barua ile tulimpa utingo wa basi, naye akaifikisha. Shule ilipofunguliwa Januari baba yake alikuja kuniona. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitoa mfukoni mwa shati karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyoanza kuchakaa kwenye mikunjo, akaiweka mezani, na tukakaa kimya wote wawili kwa muda. Mtoto yule alisoma. Hakusoma kwa sababu ya mtihani wangu. Alisoma kwa sababu alikuwa na habari ya kumpa baba yake.

Ndiyo maana nawasihi muwape watoto barua wiki hizi. Jumatatu mtoto achague atamwandikia nani na atamwambia nini, Jumanne ajifunze anwani, tarehe na salamu, maana watoto wetu wa leo hawajui hata "shikamoo" inaandikwa wapi kwenye barua, Jumatano aandike, Alhamisi amsomee jirani yake wa dawati, na jirani amwonyeshe palipokosewa, Ijumaa anakili upya kwa mwandiko mzuri. Wiki inayofuata amwandikie mwingine. Atakayeandika sentensi mbili apongezwe kwa mbili, na atakayejaza ukurasa aulizwe swali litakalomfanya ajaze wa pili. Wale ambao hawajui kusoma kabisa, na wapo, hata darasa la nne wapo, wakusanyeni pembeni saa hizo mwanze nao a, e, i, o, u bila kuwaaibisha, kwa kuwa hamtapata nafasi nyingine kama hii mpaka mwaka mwingine uishe. Na kwa kuwa madarasa yetu ya mjini yana watoto wa kata za Pasua na Bondeni ambao nyumbani kwao hawasherehekei Krismasi, barua iwe ya likizo, si ya kanisani, ili mtoto wa Kiislamu amwandikie bibi yake kwa furaha ile ile. Nyimbo za kuzaliwa Yesu zina vipindi vyake vya dini.

Mengine nitayataja kwa ufupi. Kwa Hisabati, waacheni watoto wapige hesabu za nauli na mizigo ya safari, na watafute tofauti ya kimo kati ya mji wetu, ulio kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895. Wakichungulia dirishani asubuhi isiyo na mawingu wataona wanachokipigia hesabu. Wasimulieni jinsi Luteni Alexander Nyirenda alivyopandisha mwenge na bendera kwenye mlima huo huo tulipopata uhuru Desemba 1961. Kuna watoto wanaoishi chini yake na hawalijui jina hilo. Wafundisheni kushona kifungo. Wasomeeni hadithi kwa sauti kila siku kabla ya kengele ya mwisho. Kufyeka na kufagia kuwepo, lakini kwa saa yake, maana kazi aliyoihimiza Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 ilikuwa sehemu ya masomo, si mahali pa kuwaficha watoto wakati walimu wanafanya mengine. Katika andiko hilo hilo alisema elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe maandalizi tu ya kwenda sekondari. Sasa mtoto wa miaka kumi anaambiwa amemaliza kwa kuwa karatasi ya upimaji imekusanywa!

Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi, nalo ni twisheni. Baadhi yenu vipindi vya Novemba mmeviacha, na likizo ikianza mnatangaza masomo ya ziada ya kulipia, mkifundisha mada zile zile ambazo zingefundishwa bure katika saa za serikali. Mwenye fedha atalipa. Mama anayeuza ndizi sokoni kwa fungu atafanyaje? Mwanawe atarudi Januari akiwa nyuma ya wenzake, nanyi mtamwita mzito.

Lakini nisiwaseme walimu peke yenu, maana wazazi nao wamo. Wapo wanaomtoa mtoto shuleni wiki mbili kabla ya kufunga ili wawahi basi la kwenda mgombani, bila hata kumuaga mwalimu. Wapo wanaozunguka sokoni siku nzima wakichambua mitumba ya Krismasi, viatu vya kung'aa na suti ndogo zenye tai, na mtoto huyo hana kitabu hata kimoja cha kwake nyumbani. Na siku yenyewe ya sikukuu, ukoo ukikusanyika kihambani, kwenye shamba la ukoo, mtori uko mekoni na wazee wana mbege yao, ile pombe ya ndizi, mtoto husimamishwa mbele ya baba wakubwa, wajomba na mashangazi akaulizwa, "Umekuwa wa ngapi?" Akisema wa 41, wanacheka. Nimewahi kumwona binti mdogo akiacha sahani yake ya nyama na kwenda kukaa nyuma ya zizi mpaka jioni. Hakuna aliyemuuliza anajua nini leo ambacho mwaka jana hakukijua.

Mazoea hayo yanaanzia kwenu, siku ya kufunga shule, mnaposoma mstarini majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho na kuwapa zawadi watatu huku 57 wakipiga makofi. Mpeni kila mzazi ripoti ya mwanawe mkononi, na mseme naye. Zawadi kama zipo, zimfikie pia yule aliyeandika mbuzi kwa mara ya kwanza.

Wanangu, ninawapenda, na najua wengi wenu mliingia kazi hii kwa moyo. Wiki bado zipo. Mimi ninakaa Kiboriloni, magoti yananisumbua lakini macho yangu ni mazima. Nimekwisha mwomba mwalimu mkuu wa shule ya mjukuu wangu anipe darasa la nne vipindi viwili vya asubuhi kila siku mpaka shule ifungwe, naye amekubali. Nimenunua rimu moja ya karatasi na bahasha 60. Mwalimu yeyote kijana anayetaka kuja kukaa nami mle darasani, aje Jumatatu saa mbili. Tutaanza kwa kubandua zile namba kwenye madawati.

Bibi yenu,
Mwalimu mstaafu, Moshi